Huduma ya kuhamisha kanda za kaseti: kazi safi, tena safi kupita kiasi

Nimewapa nyota nne. Wasingeufuta mlio wa cherehani ya bibi kwenye kanda, ningewapa tano.

Boksi la kanda lilibaki kwa shangazi yangu. Bibi hakuwa mtu wa barua. Alikuwa akijirekodi na kumtumia mwanawe aliyekuwa mbali, naye mwanawe akimjibu kwenye upande wa pili wa kanda ileile. Redio kaseti iliyobaki nyumbani siku hizi inatafuna utepe, kwa hiyo nikatafuta watu wa kazi hiyo. Hawa ni wa mtandaoni: unafungasha boksi, unajaza fomu, unatuma, wanakurudishia kanda zako pamoja na sauti zake zikiwa mafaili ya kompyuta.

Kwa ufundi sina neno nao. Kanda moja ilikuwa imebandukwa kile kitambaa kidogo kinachokandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea, nami nilishaihesabu imekufa. Waliifungua, wakahamishia utepe kwenye ganda jingine, na ganda la zamani likarudi na lebo yake yenye mwandiko wa bibi. Pia wanarekebisha mwinamo wa kichwa cha kusomea kwa kila kanda peke yake. Usilichukulie hili kuwa dogo. Kanda hubeba mwinamo wa mashine iliyoirekodi. Ukiicheza kwenye nyingine bila kurekebisha, sauti nyembamba za juu zinafifia, unamsikia mtu kama anaongea nyuma ya pazia zito. Kwenye kanda za kwetu, upande wa bibi na upande wa mwanawe zilirekodiwa na mashine mbili tofauti, na pande zote mbili zimetoka wazi. Mtu aliyekaa hapo alikuwa anasikiliza kweli.

Mafaili ni WAV, yaani sauti nzima isiyobanwa, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, kiwango cha chini kabisa wanachopendekeza IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti. Saa moja inakula gigabaiti moja hivi. Kando yake wanakupa MP3 nyepesi ya kurusha kwenye kundi la familia. Ukikuta mahali wanakupa MP3 peke yake, uliza mara mbili kabla ya kutuma kitu, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudishwi.

Sasa cherehani. Bibi alikuwa fundi wa nguo, na alirekodi huku anashona. Fomu yao ina kisanduku cha “kusafisha sauti”, nacho kimeshatiwa tiki kabla hujagusa kitu. Maelezo yake yanasema huondoa mvumo wa utepe. Ni kweli, mvumo umeondoka. Lakini programu inayofanya kazi hiyo haijui mvumo wa utepe ni upi na mngurumo wa cherehani ni upi. Kwake vyote ni kelele zinazojirudia. Kwa hiyo bibi anasema, “Mwambie mkeo kwamba...” halafu kimya kinene, sekunde kadhaa, kisha anaendelea. Mara nyingi tu. Nilipomsikilizisha shangazi, alikunja uso.

“Mwanangu, mama hakuwa anasahau maneno namna hiyo. Hapo alikuwa anamalizia mshono. Cherehani iko wapi?”

Niliwaandikia. Kwa bahati nzuri walikuwa bado na nakala mbichi, wakanitumia bila ubishi, na kwa hilo nawapongeza. Kwenye nakala mbichi unasikia cherehani ikiingia pale pale anaponyamaza, inakimbia, inapunguza mwendo kwenye kona, inasimama, naye anarudi kwenye sentensi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata “s” na “f” zake zimerudi. Kule kwenye nakala iliyosafishwa zilikuwa zimelika. Mjukuu asiyemfahamu angesikiliza ile ya kwanza na kuondoka na picha ya mwanamke mzee anayepotewa na mawazo. Lawama yangu basi ni kwa ile tiki. Nakala mbichi ndiyo iwe ya kawaida, na usafi uwe wa kuombwa.

Walinipa pia maandishi yaliyotolewa na kompyuta, kama nyongeza. Majina yote ya ukoo yamekosewa. Yapuuze.

Jambo jingine ni majina ya mafaili. Kila faili linaitwa kanda namba fulani, upande A au B, basi. Wanapiga picha lebo ya mbele lakini si karatasi ya ndani ya kava, na bibi huko ndani ndiko alikoandika nani yupo chumbani siku hiyo. Ukituma za kwako, toa karatasi hizo kwanza, zipige picha mwenyewe, na andika namba ileile kwenye karatasi na kwenye kanda. Halafu vunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo ukingo wa juu, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, mashine ikatae.

Flashi waliyoleta ni ya kubebea tu, usiifanye ghala. Mimi nimeweka nakala kwenye diski mbili, moja iko kwa shangazi, na nakala ya tatu iko mtandaoni.

Boksi la pili litakwenda kwao hao hao, tiki ikiwa imetolewa. Albamu za picha wameniomba pia, na kwa hizo nimewakatalia: zile kurasa za gundi zimeshika picha vibaya, na sitaki mtu nisiyemwona azibandue. Nitazipitishia skana nyumbani zikiwa kwenye kurasa zake, huku shangazi amekaa pembeni akinitajia nani ni nani.