Pampu ya joto si kiyoyozi: kosa la dola 1,610 kwenye programu ya kodi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunaikagua programu ya kodi niliyojazia ritani yangu ya 2025, hasa ile sehemu ya nafuu ya kodi kwa walioboresha nyumba zao ili zile umeme na gesi kidogo. Jina lake sitalitaja. Hata kama wewe unatumia nyingine, nataka ujue pa kuangalia kabla hujabonyeza kutuma.

Mimi niko hapa Columbus, Ohio, Marekani, na nyumba yetu ni ya zamani. Mwaka jana tulibadilisha madirisha na mlango wa mbele, kisha Oktoba fundi akatufungia pampu ya joto. Mashine hii inapasha nyumba joto wakati wa baridi, na kiangazi inaipoza. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Skrini iliniuliza: je, ulifunga kiyoyozi cha nyumba nzima? Nikajibu ndiyo, maana kiangazi kazi yake ni hiyohiyo. Nikaandika dola 9,000. Onyo halikutokea. Mwishoni ikaniambia nafuu yangu ni dola 1,200, nami nikaridhika kabisa. Jamani, nilibakiza kubonyeza tu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kwa vifaa vilivyofungwa 2025, unapunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama, lakini kila kitu kina kikomo. Kiyoyozi hakivuki dola 600. Madirisha yote kwa pamoja, 600. Mlango mmoja, 250. Halafu kundi hilo zima lisizidi 1,200 kwa mwaka. Sasa sikiliza vizuri: pampu ya joto haimo kwenye kundi hilo. Ina kikomo chake peke yake, dola 2,000. Asilimia 30 ya 9,000 ni 2,700, kwa hiyo nastahili 2,000 kamili. Ongeza madirisha 600 na mlango 210, inakuwa 2,810. Yaani kisanduku kimoja tu kingeninyima dola 1,610. Kwa familia yenye watoto, hizo si hela za kuachia.

Mbona mlango 210? Ankara yake ilikuwa dola 1,000, lakini 300 zilikuwa za ufundi. Kwa milango na madirisha unahesabu bidhaa tu, ufundi hauingii. Kwa pampu ya joto, ufundi unaingia. Programu haikuniuliza lolote kuhusu hilo, iliweka nafasi moja tu ya gharama. Basi mwombe fundi akutenganishie kwenye ankara. Na kama kampuni ya umeme ilikuchangia sehemu ya bei, toa hiyo kwanza ndipo upige asilimia.

Jingine ni msimbo. Kwa vifaa vilivyofungwa 2025, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, inataka msimbo wa mtengenezaji wenye alama nne kwa jumla, herufi na tarakimu. Mimi niliingiza namba ndefu ya kwenye kibandiko cha mashine, programu ikagoma kuendelea, wala haikusema kwa nini. Ilinipotezea jioni nzima. Msimbo huo anao mtengenezaji, na fundi wako anaweza kukutafutia. Vifaa vya kuhifadhi joto vya darini na ukutani haviuhitaji.

Niseme haki: mshahara wangu ilisoma kutoka kwenye W-2, ile fomu ya mshahara anayotoa mwajiri, bila kosa hata moja. Mpangaji mwenye kazi moja ningemwambia aitumie. Mwenye nyumba aliyefanya ukarabati, atumie akiwa macho, kwa sababu maswali yake yametungwa kana kwamba kila mtu anajua tofauti ya mashine hizi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, fungua PDF ya ritani nzima, utafute Fomu 5695 yenyewe, ndiyo fomu ya nafuu hii. Hakikisha bei ya pampu imekaa kwenye mstari wa pampu za joto. Kisha linganisha jumla na mstari wa 5b wa Schedule 3, kile kiambatisho cha ritani ambako nafuu hii huandikwa. Ukikuta nafuu imepungua, huenda kodi unayodaiwa ni ndogo kuliko nafuu yenyewe. Kinachozidi hakirudishwi, wala hakihamii mwaka ujao. Nafuu ya sola ndiyo inayohamishika, na ina sehemu yake ya kwanza kwenye fomu hiyohiyo.

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeifuta nafuu hii kwa vifaa vyote vinavyofungwa baada ya Desemba 31, 2025. Ulilipa Desemba, fundi akaja Januari? Umekosa, na inauma. Lakini kwa waliofunga pampu 2023 au 2024 wakaiweka kwenye kiyoyozi kama mimi, bado mlango uko wazi: kuna Fomu 1040-X ya kurekebisha ritani uliyokwisha kutuma, na kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipowasilisha. Miaka hiyo miwili haikuwa na masharti ya msimbo. Leo usiku toa ritani hizo kwenye droo, uangalie mstari huo mmoja.