Spesa za milimita 15 kwenye Impreza WRX: uzoefu wangu baada ya kukosea mara ya kwanza

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, lililoingia Kenya likiwa limekwisha kutumika Japani, nalo lina rimu za inchi 17 zilizoandikwa ET55 kwa ndani. Namba hiyo ina maana kwamba uso wa rimu unaokutana na habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, uko milimita 55 nje ya mstari wa katikati wa rimu, na ndiyo sababu magurudumu yake huonekana yamezama ndani ya madigadi. Nilitaka yatoke kidogo kwa spesa, yaani sahani zinazowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Sitajifanya kwamba nilikuwa na sababu nyingine. Ulikuwa urembo tu.

Mara ya kwanza nilinunua spesa za milimita 5, zile sahani tupu zisizo na bolti zake, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba zina matundu ya 5x100, yaani matano kwenye duara la milimita 100, kama gari langu. Matundu yaliingia kweli. Ambalo hakulisema, nami sikuliuliza, ni kwamba tundu la kati lilikuwa la milimita 57.1, kipimo cha Volkswagen, ilhali habu yangu ni 56.1. Baya zaidi, sahani zilimeza milimita 5 za shingo ya habu, ile inayoiweka rimu katikati, bila kuwa na ukingo wao wa kuishika rimu, kwa hiyo rimu ikabaki ikishikiliwa na nati peke yake. Nati nazo zilizunguka mara 7 tu hadi kukaza. Kwa bolti ya milimita 12 yenye meno yaliyoachana milimita 1.25, nati inapaswa kushika angalau urefu ulio sawa na unene wa bolti, yaani mizunguko inayokaribia 10. Kwenye barabara ya Thika usukani ulitetemeka kila nilipofika kilomita 90 kwa saa; fundi alifanya balansi mara mbili bila mafanikio, na siku nilipozitoa mtetemo ukaisha.

Safari ya pili nilianza na vipimo badala ya duka. Nilining'iniza uzi wenye nati nzito kutoka ukingo wa madigadi, kama timazi ya mwashi, nikakuta nafasi ya milimita 27 hadi ubavu wa tairi. Nikachagua milimita 15, jambo lililoishusha ET hadi 40 na kuniachia 12 za usalama. Spesa hizi ni za alumini ya kufuliwa, daraja la 6061-T6, zina bolti zake za M12x1.25, tundu la 56.1 na ukingo wa 56.1 upande wa nje. Zilinigharimu mara tatu ya zile za kwanza. Anayeuziwa zenye bolti za 1.5, ambazo ni za Toyota, asizichukue, kwa kuwa nati za Subaru zitaanza kuingia vizuri kisha zikwame na kuharibu meno.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: bolti za habu ni ndefu kuliko milimita 15, hivyo ncha zake hutokeza nje ya spesa na zinahitaji vishimo nyuma ya rimu. Rimu zangu zinavyo. Nilivijaza donge la unga wa chapati, nikaifunga rimu kwa mkono na kuitoa, nikaona alama za bolti zikiwa hazijagusa chuma. Mwenye rimu bapa za chuma asijaribu spesa nyembamba za aina hii.

Tulisugua kutu ya habu kwa brashi ya waya, tukakaza kwa spana inayopima nguvu, na baada ya kilomita 80 nilipokagua tena, nati moja ilikubali kuzunguka kidogo.

Miezi minane imepita. Mtetemo hakuna, tairi haligusi madigadi hata nikiwa na abiria wanne, na kwenye kona gari limetulia zaidi. Usukani, hata hivyo, sasa hufuata mifereji iliyochimbwa na malori kwenye barabara ya Mombasa, nao huchosha mikono. Mwezi wa sita beringi ya mbele kushoto ilianza kuvuma. Siwezi kuzilaumu spesa peke yake kwa gari lenye umri huu, ingawa gurudumu lililosogezwa nje huielemea beringi zaidi. Nilifunga mpya, nikazirudisha spesa, na sasa katika kila sevisi fundi hulinyanyua gari na kutikisa magurudumu yote kwa mikono kabla hajagusa oili.