TAHADHARI Lushi (Lubumbashi): mutu wa kontwari za "Corian" alinikulia makuta

Bandugu ba Lushi, mwenye anataka kutengenesha kontwari ya resepsio ao meza kubwa ya biro yenye kujikunja, soma hii mbele ya kutoa avansi. Jina ya ule bwana siiandike hapa, sababu dosie iko ku polisi, lakini namna anafanya kazi nitaieleza yote.

Niko na ajansi kidogo ya tiketi za ndege. Nilitaka kontwari ya mita ine na kitu, yenye kuzunguka sawa mwezi nusu, na juu yake ile jiwe ya kutengeneshwa na resini ya akriliki, ile bantu banaitaka tu Corian. Corian yenyewe ni ya DuPont, ilivumbuliwa 1967, lakini kwetu jina imekuwa ya aina zote. Akanionyesha foto ku telefone, nyeupe pe, hakuna hata mustari, akasema njo kazi yake, alifanyaka kule kartie Golf, hapa Lushi. Tukapatana dola 2.800, nikatoa 2.000 siku ileile. Bibi yangu alisema mupe nusu tu, mi nikaona anazidisha.

Kisha zikaanza habari za Kasumbalesa, kule mupaka wa Zambia. "Mukubwa, bintu bimekwama ku duwane." Wiki moja, mbili, tano.

Siku alileta, vijana wawili na pikapu, pale njo ningeshituka. Ile jiwe ya kweli ya milimita 12, mita moja ya kare inapita kilo 20, sasa juu ya kontwari yangu peke yake ingefika kilo 60 hivi. Kijana mumoja alibeba kipande kikubwa kabisa na mukono mumoja, mukono ule mwingine iko na telefone, anazungumuza na demu. Mi nikaona tu ana nguvu. Ilikuwa inang'aa siwezi danganya, nikamaliza zile 800 palepale, nikapiga na foto nikatumia shemeji Likasi.

Wiki tatu hazikuisha, dada wa usafi anapitisha kitambaa ya maji kila asubuhi, kukatokea mustari pale meza inaanza kuzunguka, nyembamba sawa unywele. Nikaingiza ukucha. Rangi ikanyanyuka sawa ngozi ya maziwa yenye kuchemka, chini yake MDF, ile ubao ya nyuzi za miti na gundi, imevimba, laini, sawa mukate umeloba mu chai. Nikaingia chini ya meza na tochi: musumeno imepita nyuma kila sentimita mbili ili ubao ujikunje, kisha mastiki, kisha rangi ya gari. Kukata vile haiko kosa, mafundi bengi banafanya ivyo kwa mwili wa meza, kosa ni kuuzisha rangi ya gari ku bei ya jiwe.

Ile ya kweli inaingia mu furu kubwa, karibu digrii 160, mpaka inalegea, banailalisha ku kalibu ikiwa moto, inapoa na ile umbo. Mi sikumuuliza hata siku moja furu yake iko wapi! Ku atelie yake niliona musumeno mbili na kompresere ya rangi, basi. Na huu umeme wetu wa kuenda na kurudi, furu ya mita tatu angeiwashia wapi?

Muombe fundi kipande yenye ilibakia ku kazi ingine. Angalia pembeni, rangi ya juu na ya ndani ni moja mpaka mwisho. Pitisha musasa, ya kweli inatoa vumbi ya rangi yake na mukwaruzo unaisha, ya bongo inafika ku mbao. Mi nilimuomba, akasema vipande vyote viko Kasumbalesa.

Nilipomupigia akasema kosa ni yangu, kontwari haipanguswe na maji. Sasa hata hajibu, lakini ile foto anaiweka bado ku status. Nyeupe, chini kuko taa ya bulu inazunguka, na ukiikuza pale dirishani utaona maandiko ya Kichina ku gorofa ya ngambo. Golf gani iyo.