Kriatini: kopo la laki moja, na nilichokiona

Nianze na bei, maana ndiyo wengi wanauliza kwanza. Kriatini ni unga wa kirutubisho wanaotumia wapiga vyuma kuongeza nguvu; kopo la gramu 300 la aina ya kawaida, monohaidreti, isiyo na ladha, nilinunua Kariakoo kwa kama laki moja. Mimi natumia gramu tatu kwa siku, kwa hiyo ukigawanya ni elfu moja kwa siku, soda na chenji kidogo. Kijana wa dukani alitaka kunipa kopo jingine, jekundu, la "kabla ya mazoezi". "Kaka, hii ndiyo mashine, jimu zote wanachukua hii." Niligeuza lebo: viambato kumi na kitu vimewekwa kwenye fungu moja lenye jina kubwa, uzito wa jumla upo, wa kila kimoja haupo. Kafeini ni kiasi gani humo? Huambiwi. Nikamrudishia.

Mimi napiga vyuma jioni baada ya kazi, sishindani popote. Wiki za mwanzo sikuona kitu, na sikutarajia, kwa sababu sikufanya ule utaratibu wa kujaza: gramu 20 kwa siku zikigawanywa mara nne, kwa siku tano au sita. Ukienda na gramu tatu tu, misuli inafikia kiwango kilekile, ila inachukua kama wiki nne. Mwenzangu alijaza, akaharisha, na mizani ikapanda karibu kilo mbili. Yale ni maji yanayoingia kwenye misuli, asije mtu akajisifia nyama.

Baada ya hapo ndipo nikaona tofauti, na ni ndogo. Seti ya kwanza ya benchi iko vilevile. Tofauti iko seti za mwisho, pale mikono inapoanza kutetemeka: napata rudio moja au mawili ambayo zamani yalikuwa yananishinda, na nikipumzika kidogo naweza kurudia. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi hasa. Kriatini huhifadhiwa kwenye misuli ikiwa imeshikana na fosfeti, na nguvu ya sekunde chache za kwanza za kunyanyua au kukimbia kasi hutoka humo. Akiba ikiwa kubwa, inachelewa kuisha. Kwa anayekimbia kilomita nyingi asubuhi Coco Beach, sioni ya nini. Atabeba uzito wa maji bure.

Si kitu kipya. Mfaransa Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832, na mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba ukiimeza, kiwango chake kwenye misuli kinapanda. Tangu hapo imepimwa sana. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu, na katika mamia ya virutubisho vinavyouzwa, vilivyotajwa kuwa na ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo moja kwa moja ni vitano tu: kafeini, kriatini, naitreti, beta-alanini na baikaboneti. Makopo ya BCAA (aina tatu za amino asidi, vijenzi vya protini) yaliyojaa rafu ya juu pale dukani hayamo.

Matumizi: haiyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi, inabaki kama mchanga chini ya glasi na inakera meno. Kwenye chai ya moto inayeyuka kabisa. Mimi naitia kwenye uji wa ulezi na kuunywa papo hapo. Saa ya kunywa haina uzito mkubwa. Ramadhani nilihamishia kwenye daku, sikuona mabadiliko. Kupata gramu tano kutoka kwenye nyama ungehitaji karibu kilo nzima ya ng'ombe, mbichi, kila siku, kwa hiyo anayekwambia mishikaki inatosha anakutania.

Kuna wanaosema kriatini inanyonyoa nywele: chanzo chake ni utafiti wa 2009 wa wacheza raga 20 wa Afrika Kusini, ambapo waliotumia kriatini walipanda homoni ya DHT, inayohusishwa na upara. Nywele zenyewe hakuna aliyezipima. Kinachonitia wasiwasi mimi ni unga bandia. Mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 vikakutwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Ukishindana kwenye mchezo wenye vipimo, tafuta kopo lenye alama ya Informed Sport au NSF, yaani limepimwa kama lina dawa zilizopigwa marufuku michezoni, hata kama ni ghali zaidi.

Na ukienda hospitali kupima figo, mwambie daktari mapema kwamba unatumia. Kriatini hugeuka kuwa kriatinini, ambayo ndiyo wanayoitazama kwenye damu, na namba inaweza kupanda wakati figo ni nzima. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse kabla ya kumwona daktari. Mimi nitanunua tena, ila la gramu 500, kama muhuri wa ndani haujaguswa.