Umeme wa Maji Kujaa na Kupwa: Bidhaa Inayofika kwa Saa Zake Yenyewe

Wengi huuzungumzia umeme wa bahari kama jambo la kesho, ilhali bidhaa hii imekuwapo tangu mwaka 1966, kilipozinduliwa kituo cha mlango wa mto Rance, Ufaransa. Ni haki basi kuupima kama tunavyopima bidhaa yoyote iliyokaa sokoni miaka hiyo yote: je, unatimiza ahadi, unadumu, unagharimu kiasi gani, na majirani wa mtambo wanaambulia nini? Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asiisubiri. Katika nyota tano, umeme wa ukuta, yaani ule wa ukuta wenye malango na turbini unaoziba mdomo wa ghuba, naupa nne kwa uimara na mbili kwa ujirani. Umeme wa turbini zinazozamishwa katika mkondo naupa tatu, na moja kati ya hizo ni ya matumaini tu.

Umeme wa ukuta ni rahisi kuueleza. Maji yakijaa, malango huachwa wazi na bahari huingia ghubani; yakifika kilele, malango hufungwa. Hapo hakuna umeme. Wahudumu wanangoja, bahari ya nje inashuka polepole, maji ya ndani yamesimama juu, na tofauti ya kina inapofika mita kadhaa ndipo maji huachiwa yapite kwenye turbini yakirudi baharini. Rance ina turbini 24, kila moja ya megawati 10, zimelazwa ndani ya ukuta ambao juu yake magari hupita kati ya Saint-Malo na Dinard kana kwamba chini hakuna kinachoendelea. Turbini hizo zinaweza kuzalisha umeme maji yakienda upande wowote, na pia zinaweza kugeuzwa pampu za kuongeza maji ghubani wakati umeme wa gridi ni mwingi. Uzalishaji wake ni takriban uniti milioni 500 kwa mwaka. Mnunuzi makini atagundua kwamba, ukizigawa uniti hizo kwa saa zote za mwaka, megawati 240 za kwenye bango hubaki wastani wa megawati 57 hivi, yaani chini kidogo ya robo.

Sifa inayotangazwa zaidi ni kwamba umeme huu hutabirika, na hapo sina ugomvi na watangazaji. Upepo hulala bila taarifa, jua hufunikwa na wingu, lakini jedwali la maji la miaka kumi ijayo linaweza kuchapishwa leo. Kasoro ni kwamba jedwali hilo limepangwa na mwezi. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tuseme Jumatatu maji yamefika kilele saa sita mchana, na mtambo ukaanza kuzalisha saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku: walaji wamerudi nyumbani, taa zimewashwa, umeme umewakuta. Jumatatu inayofuata kilele kimesogea hadi karibu saa kumi na mbili jioni, na mtambo unaanza kazi karibu saa tatu usiku, wakati watu wanaanza kuzima taa. Wiki mbili baada ya ile Jumatatu ya kwanza, mzunguko umerudi karibu pale ulipoanzia.

Mvuvi yeyote angeongeza jambo ambalo vipeperushi vya mauzo hulipita: maji hayana nguvu sawa mwezi mzima. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tunapata bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana. Katikati yake, maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Katika ghuba moja, tofauti ya kujaa na kupwa ikipungua kwa nusu, nguvu inayoweza kuvunwa hushuka hadi robo. Tena kila pwani bamvua lina saa zake zisizobadilika sana: mahali ambapo kilele cha bamvua huwa karibu na mchana na usiku wa manane, hali itabaki hivyo kwa vizazi. Kwa hiyo anayechagua mahali pa kujenga hachagui urefu wa maji peke yake, bali pia saa ambayo mavuno yake makubwa yatakuwa yakifika, na hakuna fundi atakayeweza kuisogeza.

Kuhusu ujirani, Rance yenyewe ndiyo onyo. Ili ukuta ujengwe pakavu, ghuba ilitengwa na bahari kwa takriban miaka mitatu, na viumbe vilivyokuwa vikiishi humo viliangamia kwa wingi. Ilichukua kama muongo mmoja kwa mazingira mapya kujipanga, na tope linaendelea kujikusanya hadi leo. Huko Annapolis Royal, Kanada, kituo kilichoanza mwaka 1984 kilifungwa mwaka 2019, kukiwa na hitilafu ya mtambo na lawama za muda mrefu kuhusu samaki waliokuwa wakiuawa na turbini.

Turbini za mkondo zilikuja kama jibu la lawama hizo. Hazizibi chochote: huzamishwa katika mlango bahari wenye mkondo mkali, mapanga yakazunguka kama ya kinu cha upepo. Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, hivyo mapanga mafupi hutoa nguvu nyingi. Uzito huohuo ndio unaoyavunja. Katika Ghuba ya Fundy, turbini kubwa iliyozamishwa mwaka 2009 iliharibika mapanga ndani ya wiki chache. Chumvi, chaza na mchanga havina likizo, na fundi hupata dakika chache tu za maji kutulia kabla mkondo haujageuka. Hata hivyo, katika mradi wa MeyGen kaskazini mwa Uskoti, wenye turbini nne za megawati 1.5, mojawapo imefanya kazi zaidi ya miaka sita bila kutolewa majini, na habari hiyo ndiyo iliyonifanya niongeze ile nyota ya matumaini. Bei bado inauma. Katika mnada wa Uingereza wa mwaka 2022 wa mikataba ya kuuza umeme, umeme wa mkondo ulipewa bei ya pauni 178.54 kwa megawati saa (uniti 1,000), na wa upepo wa baharini pauni 37.35, zote zikihesabiwa kwa thamani ya pesa ya mwaka 2012.

Ununuzi ninaoweza kuupendekeza bila kusita ni ule wa Sihwa, Korea Kusini. Ukuta ulikuwa umekwisha jengwa mwaka 1994 kwa ajili ya ziwa la maji baridi, na ziwa hilo likachafuka mno. Mwaka 2011 zikawekwa turbini 10 zenye jumla ya megawati 254, nazo huzalisha umeme maji yanapoingia tu. Yanapotoka, malango hufunguliwa yakapita bure. Kila bahari inapojaa, maji safi huingia ziwani, na hali ya maji ya ziwa imekuwa bora kuliko ilivyokuwa kabla ya mtambo.