Biti tisa, na jibu moja la dharau

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshindwa.

Mimi natengeneza mabehewa madogo ya treni kwa kipimo cha 1:87, yaani milimita moja kwangu ni karibu sentimita tisa kwenye behewa la kweli. Fremu ya dirisha ni kitu cha kushikwa kwa kibano. Miaka yote nilizikata kwa msumeno wa sonara na tupa, mpaka macho yakaanza kugoma, ndipo nikanunua mashine ndogo ya CNC ya kukaa mezani, inayochonga yenyewe kwa kuongozwa na kompyuta. Sifa zake soma kwenye boksi. Boksi halina haya.

Siku za mwanzo nilikuwa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mbao, plastiki, vyote vilitoka safi. Kisha nikafunga kipande cha shaba ya njano na biti, kile kisu chembamba kinachozunguka, ya milimita 0.4. Tik! Imekatika. Nikapunguza mwendo. Tik. Nikapunguza kina mpaka ikawa kama inapapasa tu. Tik. Zilikwenda tisa.

Nikaazima geji ya mshale, inayoonyesha kitu kinayumba kiasi gani, nikaigusisha kwenye shina la biti, nikazungusha spindeli, yaani mhimili unaoizungusha biti, kwa mkono taratibu. Mshale ukatembea milimita 0.06. Nikasafisha koleti, kile kibano kinachoshika biti, nikabadilisha koleti, hali ileile. Biti nene ya milimita 6 haitajali kuyumba huko. Lakini hii ya 0.4 yenye meno mawili, kila jino linatakiwa ling'ate mikroni chache tu, yaani elfu chache za milimita. Spindeli ikiyumba kuliko hapo, jino moja linabeba kazi yote na mwenzake anazunguka bure. Ndiyo maana kupunguza mwendo hakukunisaidia kitu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na video ya mshale nikaambatanisha. Jibu likaja: "Ndugu mteja, mashine hii ni ya kuchonga, si ya kupimia. Jifunze kwanza kuitumia."

Nijifunze kwanza! Nimeshika tupa kabla yeye hajajua nati ni nini. Tangu siku hiyo nikaanza kuichukia mashine nzima: rangi yake, nyaya zake zilizofungwa kama mzigo wa kuni, feni yake inayolia kama mbuzi aliyesahaulika juani. Hata duara lililotoka kama yai nililihesabu dhambi yake, ingawa, nikisema kweli, hilo lilikuwa langu. Nati ya parafujo ya kusogezea ilikuwa inacheza na mimi sikuikaza. Ilinichukua dakika kumi.

Sasa sikia kinachoniudhi zaidi. Nilinunua spindeli nyingine yenye beringi za maana, nikaifunga mwenyewe, geji ikasoma chini ya 0.01. Dirisha la kwanza likatoka na pembe kali, kingo nyembamba, huku mimi nimebana pumzi kama navua samaki. Kumbe fremu ya mashine ni imara! Reli zimenyooka, haitetemeki. Mtu alitengeneza mwili mzuri akaja kuuharibu kichwani, mahali pale pale biti inaposhikwa.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue, utaniuliza. Kwa mbao na herufi za kwenye vibao, nunua, hutajuta. Kwa vipande vidogo vya chuma, usibabaishwe na ukubwa wa meza wala nguvu ya mota. Mwambie muuzaji aweke geji kwenye spindeli mbele yako. Akicheka, ondoka.

Nilitaka kuipa nyota nne, kwa sababu ninapoandika haya inachonga dirisha la kumi na moja na biti ni ileile. Halafu nikafungua ujumbe wa muuzaji tena kunakili yale maneno vizuri. Mashine ibaki na nne zake. Yeye simpi hata moja, na spindeli yake ninayo hapa, naizuia nayo mlango usijifunge.