Nililipia mabaria wangu wote mafunzo ya usalama Ziwa Albert: uzoefu wangu

Nina mitumbwi miwili ya kuvua muziri na ragogi, samaki wetu wadogo wa kuanika, upande wa Buliisa nchini Uganda, karibu na Wanseko, na mabaria, yaani vijana wavuvi wa mtumbwi, wanaoingia ziwani usiku kwa taa za sola. Mwaka huu nililipia kikosi kizima mafunzo ya usalama majini, nami nikakaa darasani pamoja nao kwa sababu sikutaka kununua vyeti tu. Wenye vyombo wenzangu wa mialo ya jirani wamekuwa wakiniuliza kama fedha ile ilistahili kutoka. Ilistahili, na kilichoifanya istahili ni saa tulizokaa ndani ya maji. Ile sehemu ya kukaa kwenye viti peke yake nisingeilipia.

Ada ilikuwa shilingi laki mbili za Uganda kwa kila mtu, chakula cha mchana kikiwemo, na walimu walikuja mwaloni na vifaa vyao. Bei hiyo si ndogo kwetu. Lakini mwenye chombo anajua kwamba kinachouma zaidi ni ule usiku ambao nyavu zinakaa kavu, na hilo nitalirudia kwa sababu linaweza kupangwa.

Asubuhi ya kwanza iliniudhi. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza, picha zikapita ukutani, vijana wakanyamaza. Mabaria wangu ni Waalur, Wagungu, Wanyoro na wengine wametoka Mahagi, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Lugha ya mtumbwi ni Kiswahili. Ukisema "vuta", wote wanavuta. Baada ya chai akasimama mwalimu wa pili, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye vivuko, akaanza upya kwa Kiswahili, na mikono ikaanza kunyooshwa. Makaratasi tuliyopewa yalibaki ya Kiingereza hadi mwisho. Ukiandaa mafunzo haya, weka sharti la lugha kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Mzee huyo ndiye aliyetueleza dhoruba kwa namna iliyowafanya hata wakongwe wakae mbele. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake. Upepo unashuka kutoka kwenye magenge ya bonde letu upande huu na kutoka kwenye milima ya Kongo upande ule, unakutana katikati ya maji na kusukuma hewa yenye unyevu juu. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani hupiga kati ya usiku na alfajiri, saa zile zile tunazovua. Na upepo wa dhoruba hutangulia mvua. Ukisikia ubaridi wa ghafla usoni huku wingu limesimama upande mmoja, umebaki na dakika chache tu, na kazi ya dakika hizo ni kuvaa jaketi, kuweka pua ya mtumbwi dhidi ya mawimbi na kuamua kuhusu nyavu.

Hapo mwalimu alinigeukia mbele ya vijana wote. "Mama, baria akikata nyavu zako ili waokoke, utamkata kwenye mgawo wake?" Nikajibu kwamba hapana, sitamkata. Akaniomba nirudie kwa sauti ili kila mtu asikie, nikarudia, na siku hizi neno hilo limeandikwa kwenye makubaliano yangu na kila nahodha. Nyavu na mashine ni mali ya bosi, na kijana anayeogopa deni atazing'ang'ania mpaka mtumbwi ujae maji. Kwa hiyo nawasihi wenye vyombo: msiwatume vijana peke yao. Mambo kadhaa pale darasani yalihitaji jibu la mwenye mali, na mwalimu hawezi kulitoa.

Sasa maji. Walileta jaketi okozi zao, lakini kwanza wakaomba zetu. Zangu nyingine zilikuja na mtumbwi wa pili nilipoununua, zina rangi nzuri ya machungwa na mikanda imara. Zikafungwa mawe na kutupwa majini. Mbili zilinyonya maji kama sifongo na kuzama. Ndipo tukafundishwa kusoma namba iliyo kwenye lebo ya ndani: newtoni 50 ni ya kumsaidia mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, 100 ni ya maji yaliyotulia, 150 imetengenezwa kumgeuza mtu aliyezimia ili uso wake utazame juu. Askari wa doria wakitusimamisha huangalia kama jaketi ipo. Maji hayaangalii hivyo. Machi 2014 ziwa hili lilichukua zaidi ya watu 100, wengi wao wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao kutoka kambi ya Kyangwali. Krismasi ya 2016 likachukua vijana wa mpira na mashabiki wao kutoka hapa hapa Buliisa. Kila familia ya mwaloni kwetu inajua mtu aliyekuwemo au aliyemzika aliyekuwemo.

Zoezi la kupindua mtumbwi lilifanywa kwa mtumbwi wangu, mashine ikiwa imeshushwa na nyavu zimetolewa, mahali ambapo maji yanafika kifuani. Kazi ya kwanza ni kuhesabu vichwa. Ya pili ni kumpandisha aliyechoka juu ya tumbo la mtumbwi. Ya tatu ndiyo ngumu: kubaki pale. Mbao huelea hata mtumbwi ukiwa umejaa, na mtumbwi uliopinduka huonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Lakini wanaojua kuogelea ndio hutaka kuondoka, kwa sababu usiku taa za mwaloni huonekana karibu sana. Ziwa hili lina upana unaofikia kilomita 30 hivi. Vijana wangu wawili hodari wa kuogelea walibishana na mwalimu juu ya hili kwa muda mrefu. Akawaambia waogelee hadi kwenye boya na kurudi wakiwa wamevaa suruali na sweta zao za usiku. Waliporudi hawakubishana tena.

Kwa huduma ya kwanza nawapa alama zote. Hapa kwetu aliyezama akiopolewa hushikwa miguu akaning'inizwa, au hukandamizwa tumbo ili maji yatoke. Tumefundishwa kuacha kabisa, kwa sababu dakika zinapotea na matapishi yanaingia mapafuni. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano kwanza, kwani aliyezama amekosa hewa. Kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, tena 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikididimia kama sentimita tano. Walikuja na mwanasesere wa kufanyia mazoezi. Akina mama wanaoanika ragogi walisogea kutazama, na mwalimu akawakaribisha wajaribu bila malipo. Nilimshukuru sana kwa hilo, maana mitumbwi ikirudi alfajiri, wao ndio wa kwanza kufika ufukweni.

Somo la moto lilikuwa dhaifu. Tuliambiwa kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya mtumbwi, na kwamba maji hayazimi moto wa petroli bali huusambaza. Hilo lilitosha kunifanya nihamishe sigiri mbali na jerikeni. Lakini mtungi wa kuzimia moto ulikuwa mmoja tu, akaubonyeza mwalimu, sisi tukatazama. Kwa bei ile kila mtu alipaswa kuushika.

Kuhusu cheti, someni vizuri kabla hamjalipa. Chetu kilichelewa kufika, na majina ya baadhi ya vijana yalikuwa yamekosewa. Zaidi ya hapo, wengine walidhani kitawafungulia kazi kwenye meli za jodari Mombasa. Hakifungui. Vyeti vya meli za uvuvi za baharini vinafuata mkataba wa 1995 wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, uliokuja kuanza kazi Septemba 2012, nao unahusu meli zenye urefu wa mita 24 na zaidi. Anayeitaka bahari aende chuo kinachotambuliwa, kama Bandari Maritime Academy ya Mombasa au Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, akasome kozi za msingi za kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini. Kwa vyombo vya maziwa yetu, masuala ya usalama yako chini ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi ya Uganda, kwa hiyo mwulize mtoa mafunzo kama wizara inamtambua, na akuonyeshe barua. Mimi niliomba, nikaonyeshwa.

Narudi kwenye usiku wa nyavu kavu. Omba tarehe za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazivuti muziri, vijana wanashona nyavu au wanalala, na hupotezi mapato. Kataa kundi la watu zaidi ya 15 kwa mwalimu mmoja majini. Na muulize mapema ni saa ngapi mtakuwa ndani ya maji. Akikujibu kwa kuhesabu masomo ya darasani, tafuta mwingine. Mimi kikosi cha mtumbwi wa dada yangu kinaingia mwezi ujao, kwa walimu wale wale, na safari hii tumekubaliana mitungi ya moto iwe minne.